Aliyemnywesha Marko Maji

Siku habari zilipofika tulikuwa watano nyumbani kwetu Mutuka. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, Ester, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Alikuwepo baba mdogo Gwandu, mdogo wa marehemu baba, ambaye alikuja kukagua mbegu zangu za mahindi ingawa hakuna aliyemwomba azikague. Mama Neema, jirani yetu Mwiraqw, alikuja kuazima jembe akakaa kunywa chai, na Neema mwenyewe alikuwa mgongoni kwake amelala. Ndugu yetu wa katikati, Marko, ndiye pekee ambaye hakuwepo. Yeye alikuwa ng'ambo ya bahari, askari katika kikosi cha kulinda amani, kwenye nchi yenye vita ambayo sikuwahi kuisikia mpaka alipopelekwa huko.

Iliita simu ya Ester. Akapokea, akasikiliza, kisha akanipa.

"Dada, shikamoo," alisema kijana nisiyemfahamu.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Chande. Niko na Marko huku, tunalala hema moja. Dada, usiogope, Marko yupo hai. Ila ile malaria aliyokwambia siyo malaria."

Ilikuwa kansa ya damu. Nilirudia maneno hayo kwa sauti ili waliokuwepo wasikie. Mama Neema aliweka kikombe chini. Baba mdogo akasema, "Kansa ni ugonjwa wa wazee," kama mtu anayemrekebisha daktari.

Ninaandika haya kwa ajili ya wenye mgonjwa aliye mbali, mahali ambapo huwezi kwenda na uji kwenye chupa. Kuhusu ugonjwa wenyewe sina la kufundisha. Niliishia darasa la sita, na hata nilipoelezwa vizuri mambo ya chembe nyeupe na nyekundu, niliyasikia yakapita. Ninachokifahamu ni kusubiri.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, baba kwanza, kisha mama kabla hatujamaliza kumlilia baba. Ester alikuwa bado anabebwa. Marko alikuwa hajaanza shule. Niliacha masomo nikashika jembe na ng'ombe wachache waliobaki baada ya malisho yetu ya zamani kule Hanang kuwa mashamba ya watu wengine. Sikumbuki kama nililia kwa ajili ya shule. Nakumbuka Marko alikuwa akinifuata popote, hata chooni, anasimama nje ananiita kuhakikisha bado nipo.

Alipokua akaingia jeshini. Baba mdogo hakupenda. Alisema Mbarabaig kama sisi akitaka mkuki anajitengenezea, hapewi na serikali. Marko alicheka akamjibu, "Baba mdogo, mkuki wao una mshahara."

Dozi ya kwanza ilianza tukiwa tunapanda. Wanajeshi walimtoa kambini wakampeleka hospitali kubwa katika nchi nyingine ya jirani na ile ya vita, na Chande akaruhusiwa kuwa naye kwa sababu mkono wake ulikuwa umevunjika na hakufaa kwa doria. Nilishukuru Mungu kwa mkono uliovunjika wa mtoto wa watu, kisha nikaona aibu, kisha nikashukuru tena.

Nilikuwa napanda huku simu imefungwa kwenye khanga kiunoni. Dozi hiyo walikuwa wanamwekea kwa dripu, mfululizo, halafu wanamwacha apumzike, halafu wanaanza tena. Mimi nilijifunza kuhesabu kwa shamba. Dozi ya kwanza ilikuwa kupanda. Dozi ya pili, palizi. Nilijiambia tukifika kuvuna atakuwa njiani kurudi.

Tulikuwa tukipigiana kwa picha jioni, kabla jua halijazama huku. Chande ndiye aliyekuwa anashika simu. Mara ya kwanza nilipomwona Marko bila nywele, nilijikaza. Ester hakujikaza.

"Kaka, umekuwa kama yai!"

"Yai la kanga," Marko akasema. "Angalia, lina madoa." Akainamisha kichwa tuone. "Hapa kamanda hawezi kunilaumu nywele tena. Waziri, wewe chuo vipi?"

Alimwita Ester waziri tangu utotoni kwa kuwa alipenda kuamuru watu.

Baada ya dozi ya pili uso wake ulipungua. Mashavu yaliingia ndani, na kuzunguka macho ngozi ikawa nyeusi kabisa, duara mbili. Mama yetu alikuwa na chale za Kibarabaig kuzunguka macho, duara kama hizo hizo. Marko hakumkumbuka mama vizuri, na picha hatuna. Nilimwambia, "Ukitaka kumwona mama, jiangalie kwenye kioo." Chande aliniambia baadaye kuwa aliomba kioo siku hiyo, akakaa nacho mpaka nesi akaja kukichukua.

Midomo ilipata vidonda. Hakuweza kula. Nilijifunza kutomuuliza "unaendeleaje", kwa sababu angejibu "salama" hata kama anakufa. Sisi tunalelewa hivyo, mvulana akikatwa chale hatikisi kope, na Marko alikuwa mwanafunzi mzuri wa mambo hayo. Nikawa nauliza, "Leo umekula nini?" Hapo ukweli unatoka wenyewe. Mwenye mgonjwa mbali, uliza chakula.

"Leo nimekula kijiko cha uji na nusu ya nesi," alisema siku moja.

"Nusu ya nesi?"

"Alikaribia sana na lile sindano lake."

Chande alicheka mpaka simu ikatikisika, tukawa tunaona dari tu.

Jioni moja Marko alisema kitu ambacho hakikuwa utani. Alisema kila kitu huko kinanuka dawa, hata maji, hata mto. Alisema anatamani harufu ya kibuyu.

Mtu wa kwetu ataelewa. Kibuyu cha maziwa tunakisafisha kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu, tunasugua ndani mpaka kunukie moshi, ndipo tunatia maziwa. Harufu hiyo ndiyo nyumba. Maziwa yasingeweza kusafiri, lakini kulikuwa na askari mmoja aliyekuwa likizo, anarudi kikosini na ndege ya jeshi. Nilipanda basi kwenda kambini kwao, mkoa wa jirani, nikakaa kwenye benchi la mapokezi na kibuyu kitupu mapajani. Nilikuwa nimekisugua asubuhi ile ile na kukifunga kwa kitambaa. Askari wa zamu alikichungulia.

"Mama, hiki hakina kitu."

"Kina."

Akakinusa. Alikuwa Mmasai, nilimjua kwa masikio yake. Alifunga kitambaa polepole akasema, "Kitafika, mama."

Kilifika. Nesi wa kule alikikataa katakata, akisema masizi yatamwua mgonjwa asiye na kinga. Walibishana kwa ishara na maneno machache ya Kiingereza, mwishoni akakubali kiwekwe nje ya pazia la mlango. Kila jioni Chande alikuwa akivaa glovu na barakoa, anakisogeza karibu na kitanda, anafungua kifuniko, Marko ananusa, basi, kinarudi nje. Chande ni mtu wa Lindi, kwao wanakula samaki na nazi. Aliniambia, "Dada, samahani, mimi naona kinanuka nyumba iliyoungua." Marko akamwambia, "Ndiyo. Ni yetu."

Mahindi yalipoanza kubeba, daktari alisema dozi ya pili haikutosha na ya tatu itakuwa kali zaidi. Hawezi kupandishwa ndege kurudi nyumbani, damu yake haitahimili. Lakini jeshi lilikuwa tayari kumpeleka ndugu mmoja akakae naye. Kwenye karatasi zake Marko alikuwa ameandika jina langu.

Toka hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani, nifike alipo akiwa hai. Sikuwa naomba apone, naogopa kusema hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliona uso wake. Niliomba nifike.

Baba mdogo alichukulia vibaya. Alikuja amevaa shuka lake zuri, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunionya mbele ya mama Neema.

"Mwanamke avuke bahari kwenda kwenye wanajeshi? Watasema huyu kijana kwao wanaume wamekwisha?"

"Baba mdogo, jina limeandikwa langu."

"Jina linafutika. Mimi ndiye baba yake."

"Wewe ulipokwenda Arusha tu ulitapika njia nzima," nikamwambia. "Ulishuka Minjingu ukataka kurudi kwa mguu."

Mama Neema alicheka akajifanya anakohoa. Baba mdogo hakucheka. Akaondoka, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu nilimhitaji.

Mimi nilizaliwa nyumbani bomani, si hospitali, sikuwa na cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hakuna pasipoti. Pale mjini Babati, kwenye ofisi ya vyeti, yule dada wa dirishani alinieleza kwa upole kwamba lazima aje mzee wa ukoo aliyekuwepo nilipozaliwa, aape. Mzee huyo alikuwa amebaki mmoja tu, baba mdogo. Nilikwenda kwake na sukari. Akasema atafikiria. Nilikwenda tena na Ester. Akasema ng'ombe wake anaumwa. Nilimtuma padri wa parokia. Akamwambia padri kwamba mambo ya ukoo hayahusu kanisa, ingawa yeye mwenyewe huketi kiti cha mbele kila Jumapili.

Wakati huo ndio mgumu kuliko wote, hata kuliko msiba. Mgonjwa yuko kule, njia ipo, na mtu wako mwenyewe amesimama mlangoni. Ester alitaka tumshitaki kwa mtendaji wa kata. Tuligombana mimi na yeye, nikamwambia siwezi kumburuta mdogo wa baba yangu ofisini kama mwizi wa kuku. Akaniambia, "Basi Marko afe kwa heshima yako." Tulikaa nyumba moja tukisalimiana tu. Alikuwa akipika, ananiwekea chakula, anakifunika, anatoka.

Niligundua baadaye kitu ambacho hatukukiona. Baba mdogo hakuwahi kumwona Marko tangu augue. Kila tulipompigia kwa picha, yeye alikuwa na sababu ya kutoka nje. Kwake Marko alikuwa bado yule kijana mwenye kifua, na mtu mwenye kifua anaweza kusubiri wazee wamalize mazungumzo.

Mama Neema ndiye aliyemleta. Alimwambia mbuzi wake ameingia kwenye shamba langu la mbaazi, aje haraka kabla sijamfunga. Baba mdogo akaja mbio na fimbo, hakukuta mbuzi, akakuta simu iko hewani. Nilikuwa naongea na Marko. Mama Neema akanipokonya simu akamwekea baba mdogo usoni.

Fimbo ilikuwa bado imeinuliwa.

"Baba mdogo, shikamoo," Marko akasema.

"Marahaba," alijibu. Sauti ilikuwa ndogo. "Huyu ni nani?"

"Mimi. Marko."

Baba mdogo aliangalia nyuma ya simu, kama vile Marko wa kweli amefichwa huko. Kisha Marko akaanza kuongea kwa lugha yetu, polepole kwa ajili ya vidonda. Alimwambia, "Huku wananitunza vizuri, ila hakuna mtu wa kunitukana Kibarabaig. Chande anajaribu lakini anatukana vibaya. Mlete dada."

Asubuhi yake baba mdogo alikuwa kwenye mlango wangu kabla sijakamua. Alivaa koti la marehemu baba juu ya shuka. "Twende huko kwa kuapa," akasema. Tulipanda bajaji mpaka mjini, ameshika chuma cha mbele kwa mikono miwili, hakutapika. Mbele ya hakimu aliulizwa kama anakumbuka kuzaliwa kwangu. Akasema anakumbuka, mvua ilikuwa kubwa na baba yangu alitaka mtoto wa kiume. "Lakini huyu ametosha," akaongeza, na hakimu akamwambia ajibu swali tu.

Basi mambo yakaenda. Cheti, kitambulisho, pasipoti. Kila ofisi niliketi kwenye benchi na watu wenye shida zao. Mabenchi hayo yana huruma ambayo haisemwi, mtu anakusogezea nafasi kivulini, mwingine anakuletea maji bila kuuliza unasubiri nini. Ester alinisuka nywele siku ya kuondoka. Hatukuombana msamaha. Alinisuka kwa mistari midogo sana ili zidumu, na alipomaliza akaegemeza paji la uso wake kisogoni kwangu.

Kipupwe kilikuwa kimeingia, mahindi yamekauka shambani hayajavunwa. Dozi ya tatu ilikuwa imemwangusha. Nilifika Dar es Salaam, nikapokelewa vizuri na wanajeshi, nikaambiwa ndege ni keshokutwa. Nilikuwa kwenye chumba cha kusubiri, kwenye viti vya plastiki, pamoja na mama mmoja aliyefuata mafao ya mumewe, simu ilipoita. Ilikuwa mchana. Chande hakuwa akipiga mchana.

"Dada, ongea naye tu," alisema. "Anasikia. Mimi niko nampa maji."

Picha haikuwa nzuri. Niliona mkono wa Chande na kijiko, na mdomo wa Marko. Niliongea kwa lugha yetu. Nilimwambia niko njiani, nimeshavaa viatu. Nilimwambia habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, yupi ana mimba, yupi mkorofi. Nilimtukana pia, matusi ya utotoni, yale ya kuchunga. Mdomo ulisogea upande mmoja. Kijiko kilikwenda, kikarudi, kikaenda. Nilisikia Chande akimwambia, "Kunywa kidogo, kaka. Dada yako anakuangalia." Kisha kijiko kilikwenda na mdomo haukufunguka.

Yule mama wa mafao alinishika kabla sijajua kuwa ninaanguka.

Sikupanda ndege ile. Alikuja yeye. Walimleta Babati na bendera, vijana waliotembea kwa hatua moja, na watu walijaa mpaka barabarani. Baba mdogo aliogopa kwamba jeneza halitafunguliwa, kwa maana huko ng'ambo walilifunga kwa misumari, na kwetu ndugu lazima wamguse. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akaagiza lifunguliwe upande wa kichwa. Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa baridi kama kibuyu cha alfajiri. Tulimzika karibu na mama.

Watu wananiuliza kama imepungua. Wakati wa jioni ndio mgumu, saa ile ya simu. Bado natafuta mahali penye mtandao mzuri, nasimama pale karibu na zizi, simu mkononi, halafu nakumbuka. Sijaacha kusimama. Natamani kumuuliza amekula nini. Nikisikia mvulana wa jirani akimwita dada yake, moyo unageuka kabla ya kichwa. Kama na wewe unasimama hivyo mahali fulani, simama. Haimdhuru mtu.

Chande alikuja baada ya kikosi chake kurudi, mvua za kwanza zilipoanza. Alishuka stendi na begi la Marko mgongoni. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na mkono wake haukunyooka vizuri. Aliniita dada, akamwamkia baba mdogo, kisha akakaa akatusimulia yote kuanzia homa ya kwanza, hata yale ambayo Marko alimkataza kutuambia. Kwamba alilia mara moja. Kwamba usiku alikuwa akimwamsha Chande ili amwambie yupo. Chande alikuwa akijibu, "Nipo," Marko analala tena.

Alipomaliza, baba mdogo alisimama. Alisema kwenye ukoo wetu mtu aliyemnywesha mgonjwa wenu maji ya mwisho, nanyi hamkuwepo, hapewi asante ya mdomo. Anapewa mtamba, ng'ombe jike mchanga, aliyezaliwa kwenye zizi la mgonjwa, hanunuliwi sokoni. Toka siku hiyo ni ndugu, hata ugomvi wake ni wenu.

Chande alishtuka. "Mzee wangu, mimi ng'ombe nimweke wapi? Kambini? Atapigiwa gwaride?"

"Hilo ni lako," baba mdogo akasema. "La kwetu ni kumtoa."

"Huko Lindi mama yangu akimwona ng'ombe anapanda kitandani."

"Atashuka," nikamwambia. "Atamzoea."

Tulicheka, mara ya kwanza kwa pamoja nyumbani humo tangu msiba, na katikati ya kicheko Chande akafunika uso kwa mkono wake mbovu. Tukamwacha alie.

Siku hiyo zizini kulikuwa na madume na majike wazee tu. Nilimwahidi mtamba wa kwanza atakayezaliwa. Ng'ombe wangu mweusi alizaa mvua zilipokolea, akazaa dume. Baba mdogo alikuja kukagua, akainua mkia, akaushusha, akaondoka bila kuaga. Mwaka uliofuata yule mweusi akazaa dume tena, na mwenzake mwekundu akazaa dume pia. Kila mara ninampigia Chande. Yuko kambini, karibu ataoa.

"Dada, vipi zizini?"

"Dume."

"Mungu anamhurumia mama yangu," anasema.

Sasa mweusi ana mimba nyingine. Asubuhi nikimkamua mwenzake naweka kiganja kwenye ubavu wake, nasikia mtoto anageuka. Simjui ni nani. Chande bado tunamdai udugu wake, na yeye bado anatudai mtamba wake.